Nimesimama mwenyewe kortini kwa sababu ya paka: nyota nne, ya tano nimebaki nayo

Leo sirivyu biriani wala saluni, narivyu korti. Mahakama ya Madai Madogo ya hapa Kenya, hii ambayo mwananchi unaingia mwenyewe bila wakili, na mimi niliingia mwenyewe bila wakili, na kesi ilikuwa ya paka. Chekeni mmalize. Kwetu walishacheka, mamangu alivyosikia akaniuliza "watu washtakiana mashamba, wewe wenda kushtaki paka?" nikamwambia mama simshtaki paka, namshtakia, akasema hata hivyo, akaendelea kuchambua mchicha wake.

Kwa walio na haraka hesabu ni hii: nilidai 115,300, nikapewa 62,350 pamoja na ada zangu za korti, toka siku ya kufaili mpaka hukumu siku 57, pesa ya wakili sifuri. Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitawaambia ilikokwenda.

Paka anaitwa Mabuyu. Nilimwokota sokoni akiwa wa kutoshea kwenye kikombe, chini ya meza ya muuza mabuyu, miaka minne sasa. Nikawa nina harusi Lamu, siku tisa, na huwezi kwenda harusi Lamu na paka, wa kule wenyewe wanatosha. Nikampeleka bodingi ya wanyama hapa mjini, mahali siwataji kwa jina na msiniulize inbox, shilingi 700 kwa siku, pazuri kwa macho, ukuta umechorwa nyayo za rangi. Wakanipa fomu nijaze. Kuna pahala imeandikwa "tabia za mnyama", nikaandika kwa mkono wangu: anapenda kupanda dirishani, tafadhali dirisha lifungwe. Nikaipiga picha ile fomu, sijui kwa nini, mimi hupiga picha kila kitu, na hio picha ndo ilikuja kunibeba mbele ya safari.

Siku ya sita niko kwenye kupaka hina, wasap inaingia: "dada paka wako ameteguka kidogo ila yuko sawa anakula." Nikauliza ameteguka wapi, vipi, lini. Tiki mbili za buluu, kimya. Usiku mrefu kijana mmoja wa pale akaniandikia kwa namba yake mwenyewe, "samahani dada, wavu wa dirisha la juu ulikuwa umechomoka, bosi tulimwambia." Nikaupiga skrinshoti nimtumie dadangu aone, na kabla hata dadangu hajajibu ule ujumbe ukafutwa. Kama singekuwa mtu wa umbea kidogo na dadangu leo singekuwa na ushahidi.

Narudi siku ya tisa namkuta Mabuyu ndani ya boksi, mguu wa nyuma wa kushoto unaning'inia kama soksi iliyoanikwa. Nikachukua tuktuk moja kwa moja kwa daktari wa wanyama, eksirei, mfupa wa paja umekatika kabisa, na daktari akaniuliza huyu ameanguka lini manake uvimbe huu sio wa leo. Ameteguka kidogo, ati. Oparesheni, wakamtia chuma, 38,000. Eksirei mbili 7,000, moja kabla moja baada. Dawa, bandeji na kurudi rudi 9,200. Nikampigia mwenye bodingi tuongee kiungwana, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, na haya ndo maneno yake, "dada, paka ni paka, nje huko wamejaa, nitakuletea mwingine."

Hapo ndo kesi ilipozaliwa. Angeniambia pole tungegawana bili na haya yote msingeyasoma.

Niliuliza wakili mmoja, mtu mzuri tu, akataka 30,000 ya kufungua faili kabla hajaandika hata herufi. Kwa bili ya elfu hamsini na kitu, hesabu haikai. Binamu yangu anasoma sheria chuo, hajamaliza, hawezi kusimama kortini kunisemea, lakini yeye ndo aliyenifungua macho kuhusu hii korti ndogo. Sheria yake ni ya 2016, ikalala miaka, ikaanza kufanya kazi Milimani Nairobi tarehe 26 Aprili 2021 kisha ikasambaa miji mingine. Kikomo ni madai ya shilingi milioni moja, mwanzo ilikuwa laki mbili wakapandisha 2020. Na sheria inasema kesi iamuliwe ndani ya siku 60 toka kufailiwa. Mimi nilidhani ni maneno ya kwenye karatasi, manake korti ninazozijua ni za babu kufa mjukuu akaendelea na kesi.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe, nianze na makosa yangu manake ndo yatawasaidia zaidi.

Kosa la kwanza, nilitaka kushtaki jina la ubaoni. Karani, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, akaniuliza "hili jina ni la kampuni ama ni jina la biashara tu?" Nikamwambia ni hilo lililoko mlangoni. Akacheka. Kumbe jina la biashara sio mtu, huwezi kulishtaki peke yake, unamshtaki mwenyewe anayefanya biashara kwa jina hilo, na kama ni kampuni ya limitedi basi unaishtaki kampuni yenyewe kwa jina lake kamili lilivyosajiliwa. Unaenda isitizeni (eCitizen, mtandao wa huduma za serikali), unafanya utafutaji kwa Huduma ya Usajili wa Biashara, unalipa, unaletewa jina la mwenye biashara. Nikagundua mwenye biashara sio yule niliyekuwa nampigia kelele kwenye simu, ni mkewe. Fikiria ningepata hukumu dhidi ya ubao wa rangi. Ungeenda kuukamata ubao?

Kosa la pili ndo lile lililonifundisha hii korti inamwonaje paka. Kifungu cha 12 kinataja aina ya madai wanayopokea: mikataba ya kuuza bidhaa au kutoa huduma, pesa mtu alizopokea zako, hasara au uharibifu wa mali, na fidia ya majeraha ya mwili. Mimi nikaona majeraha ya mwili, nikasema yes, hapa hapa, mguu umevunjika, nikaandika hivyo. Yule mama karani akainua miwani akanitazama, "dada, mwili wa nani?" Nikamwambia wa Mabuyu. "Mabuyu ni mtoto?" Ni paka. Akashusha miwani. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba pale mwili ni wa binadamu, paka anaingia kwenye mali. Yaani kisheria Mabuyu na friji yangu ni kitu kimoja, tofauti ni friji halikojoi kwa kiatu. Niliumia kidogo hapo, nisiwadanganye, nilikaa kwenye ile benchi ya nje nikala ndizi moja nikarudi nikaandika upya: uvunjaji wa mkataba wa huduma, na uharibifu wa mali kwa uzembe.

Lakini kumbe huko kwenye mali ndo kuna nguvu. Binamu alinieleza hivi: ukimwachia mtu kitu chako akitunze kwa malipo, kikirudi kimevunjika, yeye ndo anatakiwa aonyeshe alikitunza inavyopaswa, sio wewe ujikaze kuonyesha alifanya nini ndani ya nyumba yake wakati wewe uko Lamu unakula pilau. Hio ni sheria ya zamani ya Waingereza tuliyoirithi na bado inafanya kazi. Halafu fomu yao ilikuwa na mstari kwa maandishi ya sisimizi, "menejimenti haitawajibika kwa jeraha lolote", na mwenye bodingi alikuwa anautegemea huo mstari kama tasbihi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema anayetoa huduma anahesabiwa kuwa ameahidi huduma ya kiwango kinachokubalika, na kipengele cha mkataba kinachojaribu kuifuta hio ahadi hakina nguvu. Na Katiba yenyewe kifungu cha 46 inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa na fidia akipata hasara. Nilivyosoma 46 nikairudia mara tatu kwa sauti, jirani akadhani nafanya mazoezi ya siasa.

Watu waliniambia pia niende polisi. Kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, hio ni ya jinai. Sikuona ukatili pale, niliona uvivu wa kununua wavu, na hata angefungwa, bili ya daktari ingebaki kwangu.

Barua ya madai usiiruke. Niliandika ukurasa mmoja, nini kilitokea, nadai ngapi, siku 14 ulipe ama tukutane kortini, nikaituma kwa imeili na nyingine nikaipeleka kwa mkono, mtu wa pale akatia sahihi ya kupokea. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tano na ndani kuna sentensi "Mungu anakuona." Binamu akaikata. Alisema Mungu hahitaji nakala.

Kufaili siku hizi ni mtandaoni, unajisajili kwenye mfumo wa mahakama, unapakia hati ya madai, taarifa yako ya ushahidi, orodha ya vielelezo na vielelezo vyenyewe, unalipa kwa M-Pesa, unapata namba ya kesi. Ada ni ndogo ukilinganisha na pesa ya wakili. Ushauri wangu hapa ni mmoja tu: vielelezo viwe faili moja ya pidiefu, kurasa zipigwe namba, juu uandike "kielelezo 1, fomu ya kupokea paka", "kielelezo 2, risiti ya eksirei", hivyo hivyo. Mimi nilipakia picha 31 moja moja, nyingine zimelala ubavu, na siku ya kusikizwa nikasema "Mheshimiwa tazama picha ile ya mguu" akaniuliza ukurasa wa ngapi, nikabaki nafukua simu kama kuku kwenye jalala huku wakili wa upande wa pili amekunja mikono.

Samansi alizipeleka mtu wa kupeleka samansi, nikamlipa, akaapa hati ya kiapo kwamba amempa mhusika. Usijaribu kumtumia mpwa wako kuokoa pesa kidogo. Mdaiwa wa kusema "ndio, samansi nilipata" bado hajazaliwa.

Kutajwa kwa kesi mara ya kwanza kulikuwa kwa Timzi (Microsoft Teams), video. Unaingia na linki, unabadilisha jina lako liandike namba yako kwenye orodha ya siku na wewe ni nani, mimi nilikuwa "Na. 23, mdai binafsi". Hapo katikati ya mawakili walioandika majina na kampuni zao, mimi na jogoo wa jirani. Nilikuwa nimejifunga buibui vizuri, nimeweka laptopu juu ya sufuria mbili ili kamera ikae sawa, nikangoja saa moja na nusu. Wakati unangoja usizime, sikiliza kesi za wengine, ni shule ya bure. Kodi ya nyumba, mkopo wa rafiki, fundi aliyekula pesa ya madirisha ya aluminiamu, mtu na bodaboda yake. Ukifika namba yako unakuwa ushajua mwamuzi anapenda nini na hapendi nini, na wa kwangu hakupenda maneno mengi.

Ilipofika 23 wakili wa mwenye bodingi, kijana mwenye tai nyembamba, akasema "tunapendekeza twende kwa kifungu cha 30." Moyo ukaruka. Kwa bahati nilikuwa nimesikia kesi mbili za kabla yangu zikienda hivyo. Kifungu cha 30 maana yake kesi iamuliwe kwa makaratasi tu, hakuna kuitwa mashahidi, hakuna kuulizana maswali, na lazima pande zote zikubali. Kwa deni lililo wazi ni njia nzuri na ya haraka. Kwangu nikaona huyu mtu anataka asiulizwe kuhusu wavu. Nikasema "Mheshimiwa mimi sikubali, nataka niulize maswali." Kimya kidogo, jogoo akawika, mwamuzi akasema sawa, kesi itasikizwa, akapanga tarehe. Watu wengi wanaojisimamia husema ndio kwa sababu wakili amesema kwa Kiingereza kizuri. Uliza maana yake kwanza. Niliuliza mambo mawili siku hio na nikajibiwa yote mawili kwa adabu.

Na lugha, hapa nawapa maua yao. Sheria inasema lugha za hii korti ni Kiingereza na Kiswahili, nikaomba kuongea Kiswahili, mwamuzi akaongea nami Kiswahili safi mpaka mwisho. Hukumu iliyoandikwa ilikuja kwa Kiingereza lakini, kurasa tisa, nikaisoma na kamusi ya simu. Shangazi yangu wa Tanga alinicheka, wao Mahakama ya Mwanzo ni Kiswahili mwanzo mwisho.

Siku ya kusikizwa ilikuwa ana kwa ana, chumba kidogo, feni moja inayolia. Kwanza wakili akaomba tarehe nyingine eti shahidi wake ana udhuru, mwamuzi akafungua kalenda akahesabu siku zilizobaki mpaka 60, akamwambia shahidi wako aje leo mchana. Akaja. Hapo nikaielewa nguvu ya zile siku 60. Mjue tu kwamba majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana, wapo walioamua hukumu ikitolewa baada ya siku 60 ni batili na wapo waliosema sio batili, kwa hivyo wewe mdai ndo unatakiwa uhesabu siku kama mja mzito. Mimi niliziandika kwa kalamu ya buluu mlangoni mwa kabati.

Nikaapa, nikasimulia, kisha wakili akaanza. Alianza na skrinshoti. Ati ushahidi wa kielektroniki lazima uambatane na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na mimi sina, kwa hivyo itupwe. Sikuwa najua kama kuna cheti. Nilihisi jasho mgongoni. Mwamuzi ndo aliyemkumbusha kwamba kwenye hii korti kanuni kali za ushahidi hazifungi, kifungu cha 32, akaipokea na kusema ataipa uzito anaoona unafaa. Lakini msitegemee huruma, hicho cheti ni karatasi moja unayoandika mwenyewe, simu gani, nani aliipiga, imeprintiwa wapi, ukasaini. Kama ningejua ningekuwa nacho na ningelala usingizi.

Kisha akaniuliza swali ambalo bado nalisikia nikiosha vyombo.

"Paka huyu ulimnunua shilingi ngapi?"

"Sikumnunua. Nilimwokota."

"Kwa hivyo thamani yake ni sifuri."

Yaani hapo nilitaka kumwambia mambo. Nilitaka kumwambia kuhusu usiku niliokuwa na malaria na kiumbe pekee aliyekaa kitandani ni huyo wa sifuri. Lakini nilikumbuka benchi na ile ndizi, hapa paka ni friji, basi jibu kama mwenye friji. Nikasema, "thamani ya sokoni siijui kwa sababu simuuzi. Nilimleta mzima nikarudishiwa amevunjika. Nadai gharama ya kutengeneza mlichovunja." Mwamuzi akaandika kitu kirefu. Nilijua tu kimeingia.

Zamu yangu ya kuuliza nikaanza vizuri. Nikamwonyesha bwana mwenyewe, maana mke alimtuma yeye ashuhudie, ile fomu. Huu mwandiko wa dirisha aliusoma nani? Wafanyakazi. Mfanyakazi aliyeusoma yuko hapa? Hapana, aliacha kazi. Wavu ulichomoka lini? Sijui. Ulitengenezwa lini? Akakaa kimya, akatazama wakili, akasema "baada". Baada ya nini? Baada ya paka kuanguka.

Hapo ningekaa chini ningekuwa bingwa. Lakini mimi sikukaa, nikaanza hotuba, na wewe unajiona mfanyabiashara, na kiumbe wa Mungu ana uchungu, na siku tatu umemwacha na maumivu hujui kiama, mpaka mwamuzi akasema "dada, una swali ama una hotuba?" Watu wakacheka. Nikakaa. Maswali ya ndio, hapana, lini, nani, hayo ndo yanajenga, na ukipata jibu zuri usiongeze hata neno asante.

Ripoti ya daktari ilipita bila daktari kuitwa kwa sababu upande wa pili hawakuipinga, na hawakuipinga kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri: namba yake ya usajili wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo juu, tarehe, jeraha ni lipi, kwamba linaendana na kuanguka kutoka juu, na kwamba lilikuwa na siku kadhaa kabla ya kuletwa. Mwombeni daktari ripoti mapema, sio risiti peke yake, risiti inasema umelipa, haisemi kwa nini.

Hukumu ikasomwa. Matibabu yote 54,200 nikapewa. Pesa ya bodingi siku zote tisa, 6,300, nikarudishiwa. Usafiri nilidai 4,800, nikapewa 1,850 tu ambazo zilikuwa na risiti za apu ya teksi, tuktuk zote zimekwenda na maji maana nani huwa anaomba risiti kwa tuktuk. Juu yake ada za korti na riba mpaka alipe. Na ile 50,000 niliyodai ya uchungu, wangu na wa Mabuyu, sifuri. Mwamuzi alieleza kwa utaratibu kwamba mali ikiharibika kinachofidiwa ni hasara inayohesabika, mapenzi ya mwenye mali hayana bei pale. Hasira sina naye, alifuata sheria ilivyo. Ila nyota yangu ya tano imekaa hapo hapo, kwa zile siku tatu ambazo mtu alijua mnyama amevunjika mguu akaandika "anakula", na sheria yote niliyoisoma haikuwa na kisanduku cha kuziandika.

Jamaa alitishia rufaa. Rufaa toka hii korti inakwenda Mahakama Kuu na ni kwa hoja za sheria tu, huwezi kwenda kubishana upya kama wavu ulichomoka ama haukuchomoka. Nadhani wakili wake alimweleza hivyo maana wiki iliyofuata akaomba kulipa kwa awamu tatu. Nilikubali, tukaandikishana, kwa sababu kukamatisha mali ya mtu kuna madalali na madalali wana gharama zao na mimi nilikuwa nimechoka kupanga makaratasi kwenye meza ya kulia chakula.

Ningemshauri nani? Kama una mtu unayemjua jina lake halisi, risiti, na mdomo unaoweza kufungika, nenda mwenyewe, hata usiogope, yule mama karani peke yake ana thamani ya nyota mbili. Kama kesi yako ni ya mnyama aliyekufa na unachotaka ni mtu aambiwe amekosa, utatoka na karatasi yenye tarakimu na sijui kama itakutosha. Na kama upande wa pili wana wakili usimchukie, yule kijana wa tai nyembamba alinishika mkono mlangoni akauliza mguu unaendeleaje.

Awamu ya kwanza ilikuja 25,000, ya pili 20,000, iliyobaki iliingia Ijumaa usiku niko jikoni nakaanga samaki. Simu ikalia, nikafuta mikono nikasoma, nikageuka kumwambia Mabuyu nikamkuta yuko juu ya friji. Amepanda vipi na kile chuma mguuni mimi sijui, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi.